Damu ya Kupokelea Wageni

Mwezi uliopita, katika ukumbi wa hoteli moja mjini Morogoro, nilimsikia mwanamume niliyewahi kumfanyia kazi akiwaeleza watu waliovaa suti kwamba wagonjwa wa moyo wa upande wa Kilosa ni fumbo. Walizibuliwa mishipa Dar es Salaam, alisema, wakawekewa vile vibomba vya waya vinavyoushikilia mshipa usizibe tena, wakarudi makwao, na damu zao zikapimwa kwa miaka. Damu zilikuwa nzuri. Mafuta chini, alama za uvimbe wa mishipa chini, kila kitu pale vitabu vinapotaka kiwe. Na bado baadhi yao walikufa mapema. Akabonyeza kitufe, mstari mwekundu ukashuka ukutani kama ngazi iliyovunjika. "Kuna kitu ndani ya miili ya watu wetu," akasema, "ambacho bado hatujakijua." Watu wakaandika. Mama mmoja mbele yangu alitikisa kichwa kwa huruma huku akitafuna sambusa. Mimi nilikuwa nimealikwa kwa sababu jina langu lilikuwamo katika orodha ya waliowahi kukusanya taarifa. Walinipa begi la kitambaa na kalamu. Niliinuka nikaenda chooni, nikanawa mikono mpaka sabuni ya maji ikaisha kwenye chombo chake. Kitu hicho ambacho bado hakijajulikana nilikijua mimi, na yeye alikijua. Tulikijua tangu mwaka ule nilipokuwa na miaka ishirini na minne.

Mwaka ule niliishi Mikumi, katika gesti iliyo kando ya barabara kuu, chumba kimoja na Sista Jenista, muuguzi wa makamo mwenye miguu ya kuvimba na mdomo usiojua kuchoka. Baina ya vitanda vyetu kulikuwa na friji ya mradi ule wa wagonjwa wa moyo, na juu ya stuli ilikaa mashine ya kuzungusha damu. Ikiwashwa, stuli ilitembea sakafuni kidogo kidogo kama mtu anayetoroka, na mmoja wetu alilazimika kuikanyagia mguu. Ikisimama, damu ilikuwa imegawanyika: chini tope jeusi, juu maji ya manjano kama mafuta ya alizeti, na hayo ya manjano ndiyo yaliyosafirishwa Dar kupimwa. Chumba kilinuka spiriti, dagaa wa Sista, na kitu cha tatu ambacho kwa miezi miwili nilidhani ni ukungu wa ukuta. Kumbe ni damu iliyomwagika nyuma ya friji kabla yetu, na hakuna aliyejisumbua kuifuta. Takataka zetu tulizifunga kwenye mifuko myekundu tukamkabidhi mhudumu, naye akazitupa shimoni nyuma ya jiko, na nyani waliokuwa wakitoka upande wa hifadhi waliijua saa yake. Asubuhi moja, nikipiga mswaki uani, nilimwona nyani jike amekaa juu ya ukuta, mtoto amemkumbatia tumboni, akinyonya pamba yenye damu kwa utulivu wa mtu anayenyonya muwa. Nilimwita Sista aje aone. "Mwache," alisema. "Huyo anaipenda kazi kuliko Dokta."

Dokta ndiye aliyekuwa mkuu wetu. Alikuja kutoka Dar kila baada ya miezi mitatu, akalala kwenye loji yenye bustani, na mchana akafuatana nasi kwa wagonjwa. Kazi yangu mimi ilikuwa simu na fomu. Wiki mbili kabla ya kwenda kwa mgonjwa nilimpigia kumwambia siku tutakayofika, tumchukue damu, nimuulize maswali, tumwachie vidonge vya miezi mitatu mingine. Hizo wiki mbili hazikuandikwa na wenye mradi. Wao walitaka tu mgonjwa akutwe nyumbani. Sista ndiye aliyenifundisha kwamba kwa watu wazima wa huku huvamii kama upepo: unatanguliza neno, mwenyeji anajiandaa, heshima inakaa pande zote mbili. Nililipenda jambo hilo. Nilikuwa na daftari la hadithi chini ya mto, na niliamini kwamba adabu za watu ndizo ushairi wao. Leo nikikutana na msichana anayeamini hivyo, namtazama kama ninavyomtazama mtu aliyeingia mtoni bila kuuliza kina chake.

Mzee Mrisho alikuwa mkulima wa Mvumi, upande huo wa Kilosa, mrefu, kifua kimeingia ndani, aliyepelekwa Dar na wanawe akawekewa vibomba viwili. Yeye aliviita springi. Mara ya kwanza tulipofika, uwanja ulikuwa umefagiwa mpaka mistari ya ufagio inaonekana kama nywele zilizochanwa. Sebuleni makochi yalivikwa vitambaa vyeupe vilivyotoka kupigwa pasi. Nilisikia joto lake nilipokaa.

"Shikamoo mzee," tulisema.

"Marahaba wanangu. Karibuni sana. Damu iko tayari."

Tulicheka. Alikuwa ameshakunja mkono wa kanzu. Hakuwa amekula tangu jana yake kama alivyoelekezwa, na Sista alipomfunga mpira kwenye mkono, mshipa ulijitokeza wenyewe. Chupa tatu zikajaa. Nikamuuliza maswali ya fomu, akajibu yote akinitazama usoni. Kisha mkewe, Bi Mwanaidi, akaleta chakula: wali, kuku wa kienyeji mzima, mchuzi wenye nazi. Firigisi alipewa Dokta kwa sababu ndiye mgeni mkubwa. Aliila kwa namna ambayo sijaweza kuisahau, akaivuta kwa meno, akafuata paja, akavunja mfupa na kunyonya ndani yake, na alipomaliza akajifuta midomo kwa pamba yetu, pamba ile ile ya kufutia mikono ya wagonjwa, akaitupa kwenye sahani. Chupa za damu zilikuwa mezani, nusu mita kutoka kwenye bakuli, bado zina joto. Mzee Mrisho alikula shingo. Majibu yaliporudi, Dokta alitupigia simu kutusomea. "Damu ya huyu mzee ni ya kitabu," alisema. "Natamani wote wangekuwa kama yeye."

Safari ya pili nilikwenda jikoni kumsaidia Bi Mwanaidi. Jiko lake lilikuwa kibanda cha udongo nyuma ya nyumba. Nilikuwa nimeinama nje kwenye ndoo, naosha mchele, na ndani alikuwamo yeye na jirani yake wakinyonyoa kuku. Hawakunyamaza kwa sababu yangu, nadhani walinisahau.

"Mzee wako leo kachangamka," jirani alisema.

"Si ameanza kumeza. Tangu hawa walipopiga simu."

"Kwani siku nyingine hamezi?"

"Siku nyingine ameze nini? Zimepanda Vidunda kwa wifi. Anabakiza za kupokelea wageni."

Walicheka kicheko kifupi, cha wake wanaowajua waume zao. Mimi nilisimama na sufuria ya maji meupe mikononi. Kwanza sikuelewa, kisha nikaelewa yote kwa mpigo, na harufu ya manyoya yaliyomwagiwa maji ya moto ikanipanda puani, mpaka leo siwezi kula kuku aliyenyonyolewa mbele yangu. Nilimngoja mzee atoke kwenda kunawa, nikamfuata. Nilidhani atakana. Hakukana hata kidogo.

"Binti," alisema, "mgeni akitoa taarifa kwamba anakuja, mke wangu anafagia uwanja. Unadhani kila siku unafagiwa vile? Mtu hampokei mgeni na uchafu. Nyie mnakuja kuitazama damu. Nikupeni damu chafu, aibu ya nani?"

"Lakini mzee, dawa ni za kila siku. Hizo springi zinaweza kuziba."

"Najua. Dar waliniambia." Alimimina maji mkononi polepole. "Nina dada yangu Vidunda, Salima, tumbo moja. Moyo ule ule. Alipimwa Morogoro, wakamwandikia dawa hizi hizi, jina kwa jina. Zahanati ya kule juu hawana. Mimi naletewa mpaka mlangoni. Sasa nimeze peke yangu, yeye aniangalie?"

"Umwambie Dokta."

"Dokta mwambieni nyie. Mimi nikisema sizimezi, si nitatolewa? Nikitolewa, tunakosa wote wawili." Alinitazama, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba anaogopa. "Usiniharibie, binti."

Niliwaza juu ya sentensi hiyo njia nzima ya kurudi, gari likiruka kwenye mashimo ya barabara ya kijiji cha Ulaya, kisanduku cha barafu mapajani mwangu kikinidondoshea maji. Nilikuwa nimebeba damu nzuri ya mtu anayekufa. Ilikuwa damu ya wiki mbili, safi kama uwanja wa wiki mbili, na kokote itakakokwenda itawaambia watu kwamba Mzee Mrisho wa Mvumi yuko salama. Jioni tulikaa mahali pa nyama choma penye malori. Dokta alikuwa amemwagiza mpishi mbuzi. Nilimweleza. Sikulitaja jina la mzee mwanzoni, lakini aliniuliza mara mbili nikalitaja. Aliendelea kukata nyama vipande vidogo, akivichovya kwenye chumvi na pilipili.

"Fomu inauliza nini, Husna?"

"Inauliza kama anatumia dawa."

"Isome vizuri. Inauliza kama ametumia dawa katika siku saba zilizopita. Ametumia?"

"Ametumia, lakini..."

"Basi weka tiki. Fomu haina sehemu ya lakini."

"Dokta, atakufa."

"Wote tutakufa. Ukimwandika hatumii, utaratibu unasema anatolewa. Kwa hiyo unamuua wewe, tena kwa kalamu." Alisema hivyo kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. "Kwanza huyu ni mgonjwa mzuri. Hatusumbui."

"Na dada yake? Hawezi kuingizwa naye apate zake?"

"Ana springi?"

"Hana."

"Basi siyo wetu."

Sista Jenista alikuwa anatazama malori. Mafuta ya mbuzi yalikuwa yameganda pembeni mwa mdomo wa Dokta, meupe, na kila alipoongea yalipasuka kidogo. Niliweka tiki usiku ule ule, kwa peni ya bluu, kwa mwandiko mzuri. Nimejaribu mara nyingi kuandika kwamba mkono ulitetemeka. Haukutetemeka. Hilo ndilo linalonichefua kuliko mafuta ya mbuzi: kwamba tiki yangu ilikaa katikati ya kiboksi, haikugusa ukingo wowote, na niliitazama nikaona imependeza.

Katikati ya mwaka, katika mwezi usio na safari, nilimshawishi Sista twende Mvumi bila kupiga simu. Alikataa siku tatu, siku ya nne akavaa viatu. Tulifika saa nne asubuhi. Uwanja ulikuwa na magunzi na kinyesi cha kuku, makochi hayana vitambaa, na Mzee Mrisho alikuwa amekaa kwenye kigoda amevua shati, anakula kiporo cha ugali na mlenda. Alipotuona alisimama, akatafuta shati, hakuliona, akajifunika kifua kwa mikono yake miwili kama mwanamke aliyefumwa akioga. Bi Mwanaidi alitoka, akatutazama, akarudi ndani bila salamu.

"Shikamoo mzee."

Hakuitikia. Katika maisha yangu sijawahi kunyimwa marahaba kabla ya siku ile wala baada yake. "Mmeniingilia kama mgambo," alisema hatimaye. "Nimekukoseeni nini?"

Nilipiga magoti palepale kwenye magunzi. Nilimwambia nataka kuiona damu yake ilivyo, aione mwenyewe, ameze dawa zake, na suala la dada tutalitafutia njia. Sikuwa na njia yoyote. Alinyoosha mkono bila kunitazama, na safari hii mshipa ulijificha. Sista alichoma mara tatu. Tulipoizungusha damu ile Mikumi, maji ya juu hayakuwa manjano safi. Yalikuwa yamechafuka, meupe meupe, kama maji ya kwanza ya mchele. Niliitunza chupa ile kwenye friji kwa wiki kadhaa nikimngoja Dokta, kama mtu anayetunza ushahidi. Alipokuja aliishika juu kwenye mwanga wa dirisha.

"Alikuwa amekula?"

"Alikuwa anakula."

"Basi haifai. Tena iko nje ya ratiba." Akafungua kizibo na kuimwaga kwenye sinki tuliyooshea vyombo, akafungulia maji. Mabaki ya dagaa wa mchana yalizunguka ndani yake kabla ya kushuka.

Safari ya tatu nilipiga simu wiki mbili kabla, kama kawaida. Uwanja ukafagiwa, vitambaa vikapigwa pasi, kuku akachinjwa. "Karibu mgeni," Mzee Mrisho aliniambia. Neno binti hakulitumia tena. Damu ilikuwa ya kitabu. Nikaweka tiki. Watu huniuliza kwa nini riwaya zangu zina watu wengi wenye adabu wanaofanya mambo ya kutisha, na huwa najibu kitu kuhusu jamii. Jibu la kweli ni kwamba niliketi kwenye kochi lile, nikala wali ule, nikamshukuru mama kwa chakula kizuri, nikijua.

Nilipopiga simu ya safari ya nne alipokea Bi Mwanaidi. Alisema mzee alianguka shambani siku tisa zilizopita, asubuhi, akipalilia, na walipomfikia jembe lilikuwa bado mkononi. Alizungumza taratibu, kisha akauliza kama wageni tutakuja bado. Nilimpa Dokta habari nikiwa nimejiandaa kumwona angalau akisikitika. Aliomba jalada la mzee. Alipitisha kidole kwenye majibu, safari moja, ya pili, ya tatu, na uso wake ukafunguka kama wa mtu aliyeokota kitu njiani.

"Unaona, Husna? Damu safi mara tatu, na bado amekwenda. Huyu ni muhimu sana. Hii ni habari."

"Dokta, unajua kwa nini."

"Ninajua kilichoandikwa hapa. Mwandiko ni wako." Akalifunga jalada. "Nenda ukakusanye vidonge vilivyobaki. Ni mali ya mradi, virudi."

Hapo ndipo nilipomjua. Nilikuwa nimemdhania mvivu, au mwoga wa karatasi, mtu kama mimi. Kumbe mtu anaweza kuukalia ukweli mpaka ugeuke fumbo, halafu akasafiri na fumbo hilo ukumbi kwa ukumbi, akipigiwa makofi. Nilipofika Mvumi, Bi Mwanaidi hakunilaumu. Alinionyesha kisanduku kitupu na kusema vidonge vyote viko kwa wifi yake. Kwa hiyo nilikwenda Vidunda. Nilipanda bodaboda kutoka Kidodi mpaka pale dereva aliposema pikipiki yake haina roho ya kuendelea, nikatembea, mlima ukinipanda kifuani, begi mgongoni. Ndani ya begi kulikuwa na vidonge vya miezi mitatu vilivyokwisha kuandikwa jina la Mzee Mrisho, ambavyo sikuwa nimevirudisha kwenye kabati la mradi, na fomu ya kuandika idadi ya vile nitakavyovikuta.

Bi Salima alikuwa mlangoni kwake, mwembamba, kanga nyeusi kichwani, anapukuchua maharage. Alikuwa na kifua kile kile kilichoingia ndani. Hakwenda maziko, kifua hakikumruhusu kushuka mlima, wala asingeweza kuupanda tena.

"Shikamoo bibi. Natoka kwenye mradi aliokuwamo Mzee Mrisho. Poleni sana na msiba."

"Marahaba, mjukuu wangu. Tumeshapoa." Alilitazama begi langu. "Umekuja kuzichukua."

Nililishusha begi chini. Aliingia ndani akatoka na kopo la maziwa ya unga, akalifungua. Vidonge vyote vilikuwa vimekatwa kwa kisu, nusu nusu, na unga wao umejaa chini. "Nakata ili zifike mbali," alisema. "Sikuona vibaya kuzipokea. Aliniambia nyie mnampa za kuzidi. Alisema wakubwa wenu hawajui kuhesabu."

Nilitoa pakiti kutoka kwenye begi nikaziweka mapajani mwake juu ya maharage. Nilimwambia ni zake, ameze nzima, kila siku, asikate, na kwamba nitatafuta namna ya kumletea nyingine. Kwa miaka miwili niliitafuta namna hiyo. Mwaka wa tatu nilihama, na sijui ilikuwaje. Alizigeuza geuza pakiti, akasoma jina la kaka yake kwa kulifuatisha na kidole.

"Na hizi ni za kuzidi?"

"Ndiyo, bibi. Tulikuwa tunampa za kuzidi."

"Na zake mwenyewe alikuwa anameza?"

Chini kule bondeni shoka lilikuwa linapasua kuni, pigo, kisha mwangwi wake. Nilikuwa nimeshalijibu swali hilo mara tatu kwa peni ya bluu.

"Kila siku, bibi."

Alitikisa kichwa taratibu, na kitu kilichokuwa kimekaza usoni mwake kikalegea. "Basi ilikuwa siku yake tu," alisema. Akatoboa pakiti, akaweka kidonge kizima kwenye ulimi, akakimeza bila maji, akinitazama.